Mkongojo wa Mtutu wa Bunduki

Wanaonifahamu hapa Tabora wananifahamu kama mtu mwenye karakana yenye bango kubwa kuliko duka lolote la mtaa wetu, mwenye diploma ya ufundi mitambo iliyotundikwa ukutani ndani ya fremu niliyoichonga mwenyewe, mtu aliyekwenda Johannesburg na begi moja la mgongoni akarudi na mashine za kuchongea, kwa hiyo hili ninalowasimulia nalisimulia shingo upande, kwa sababu kuna siku moja ambayo nikiikumbuka nikiwa peke yangu huwa natamka kwa sauti, "Aa, basi, basi," mpaka mke wangu anauliza naongea na nani.

Aibu ile niliitengeneza mwenyewe kwa mikono yangu, nikaipiga msasa, nikaipaka vanishi, kisha nikaitolea hotuba.

Nilipofika Johannesburg nilipokewa na Mzee Byamungu, fundi cherehani kutoka Bukavu, ambaye alinikuta nje ya stesheni nimekalia begi langu najisemea kwa Kiswahili, akaniambia nyanyuka twende, wala hakuniuliza kabila wala dini. Nililala chini ya meza yake ya kukatia nguo pale Joubert Park, na asubuhi nilikuwa naamka na vipande vya suti za watu kichwani. Baadaye nikalinda mlango wa jengo moja la ghorofa Hillbrow (mtu mwenye diploma, lakini hilo tuliache), mpaka siku nilipoitwa Malvern kumtengenezea mama mmoja mlango wa karakana yake, akaangalia namna nilivyounganisha mbao zangu, akapitisha kidole kwenye maungio asiyaone, akaniuliza kama ninataka kazi.

Huyo ndiye Mama Dineo, na naomba mniruhusu nimsifu kidogo, maana nimefanya kazi na mafundi wengi na sijaona mwingine kama yeye. Alikuwa fundi bunduki aliyesajiliwa na serikali, mwanamke mfupi mwenye miwani iliyoning'inia kifuani, na aliweza kufunga na kufungua bunduki macho yake yakiwa dirishani, anasikiliza mlio tu, kisha anakwambia chuma gani kimechoka. Wateja wake, wakulima wenye mikono kama majembe, walivua kofia wakiingia kwake.

Kazi kubwa ilikuwa bunduki za zamani za majeshi. Zilitengenezwa Ulaya kwa ajili ya vita, vita vikaisha, majeshi yakaziona mzigo, zikauzwa na kuingizwa nchini kwa meli, na leo ziko mikononi mwa wajukuu wa walionunua, ambao wanataka ziwe za kuwindia: mbao nzito ya kijeshi ipunguzwe, iwekwe darubini, mtutu uliokwisha uondolewe uwekwe mpya. Nawaambieni, zile ni kazi za mikono ya watu waliojua chuma, na mimi nilikuwa nikishika kitako cha mbao ya kahawia kilichobeba jasho la askari wa zamani naona kama nimeshika kitabu. Mbao ndizo zilizokuwa kazi yangu. Chuma alikigusa Mama Dineo peke yake, kwa sababu sheria ya kule haichezi.

Na sheria yenyewe niliipenda, ingawa ndiyo iliyoniangusha. Kule huwezi kuirekebisha bunduki nyumbani kama unavyorekebisha baiskeli. Kila bunduki ina leseni yake na namba yake, namba haiguswi hata kwa msasa, ukibadilisha mtutu au aina ya risasi lazima kazi ifanywe na fundi aliyesajiliwa na karatasi za serikali zibadilishwe zifanane na bunduki ilivyo sasa, na kuna mabadiliko mengine hata ukilia hufanyiwi. Alikuja mtu mmoja akitaka bunduki ya babu yake ikatwe iwe fupi ya kuwekwa chini ya kiti cha gari, Mama Dineo akamsikiliza mpaka mwisho, akamkaribisha chai, akamwambia akishamaliza chai aondoke na babu yake akiwa mzima.

Siku yangu ya kwanza aliniambia jambo moja kabla hata hajanionyesha choo. Aliniambia kwamba kwa sheria, mtutu peke yake, hata umeng'olewa, hata umeoza, ni sawa na bunduki nzima, nao unatakiwa kuwa na leseni, au kuwa ndani ya sefu ya fundi, au kuwa polisi ukisubiri kuteketezwa, hakuna mahali pa nne. Nilimsikiliza kwa sikio la mtu aliyesoma, yaani nilielewa haraka nikaamua linawahusu wengine.

Sasa, Mzee Byamungu alikuwa mkimbizi wa miaka mingi, mtu wa kupanga foleni kila mara kuongeza muda wa karatasi, na siku moja akapata kibali cha makazi ya kudumu. Jamani, wanaotumia Kiswahili kuanzia Hillbrow mpaka Malvern walishangilia kama vile ni wao. Ikapangwa sherehe Jumapili kwenye ukumbi wa kanisa karibu na Jules Street, na kwenye kikao cha maandalizi mtu akasema mzee tangu alipoanguka ngazini mguu haumpi raha, tumnunulie mkongojo mzuri. Nikasimama. Nikasema kununua ni kumtukana, mkongojo utatoka kwangu, na utakuwa mkongojo ambao Afrika haijawahi kuuona. (Nilisema Afrika. Wapo waliokuwepo, watawaambia.)

Jumamosi ile Mama Dineo alikuwa ameng'oa mtutu kwenye bunduki moja ya mkulima, mtutu uliokuwa umeliwa ndani kama bomba la jiko, na mkulima alishakubali upelekwe polisi ukateketezwe. Akauviringisha kwenye kitambaa cha mafuta, akanipa, akasema niuweke kwenye trei ya sefu, halafu simu ikalia akaenda kuipokea. Nikabaki nao mkononi. Ulikuwa umenyooka, jamani. Ulikuwa na uzito mzuri, mnene juu, mwembamba chini, hakuna mti duniani unaonyooka vile. Na ninyi mafundi wenzangu mnajua ugonjwa wetu: fundi wa kwetu hatupi chuma, springi ya gari inakuwa panga, rimu inakuwa jiko, na chuma kinachokwenda kukatwa na serikali mtu anakiona hakina mwenyewe. Nikajiambia nikiutumia hakuna anayepungukiwa, na Jumatatu nitamweleza Mama Dineo, tena Jumatatu ya nini, nitamwalika sherehe auone mwenyewe afurahi. Nikautia kwenye begi langu. Yeye akafunga sefu akijua kila kitu kimo, kwa sababu aliniamini.

Nilifanya kazi alasiri nzima bila kula. Juu nikaweka mkono wa mbao ya kahawia uliopinda vizuri, kipande kilichobaki kwenye kitako, katikati pete ya shaba, chini kiatu cha mpira kisiteleze. Chuma nikakisugua mafuta tu, na namba nikaiacha wazi, kwa sababu niliona inapendeza.

Ukumbi ulijaa. Kulikuwa na sombe, yaani kisamvu cha Wakongomani, samaki, kuku, fufu, na pilau ya Watanzania ambayo Wakongomani waliila huku wakiisema vibaya. Mzee Byamungu alivaa suti aliyojishonea mwenyewe, na mfuko wa ndani wa koti aliupapasa kila baada ya muda, karatasi imo, akatulia, akapapasa tena. Meza ya mbele alikaa Mama Dineo katika gauni la bluu, mgeni wangu, na pembeni yake sajenti wa kituo cha polisi cha jirani, ambaye mzee alikuwa akimshonea suruali. Mjukuu wa mzee, Neema, binti wa chuo kikuu aliyezaliwa kulekule, alishika kipaza sauti cha pili kuwatafsiria wageni kwa Kiingereza, na niseme ukweli, binti yule alitafsiri vizuri mno, hakuacha hata kikohozi.

Zamu yangu ikafika. Nikasimama na kitu kimefunikwa kitambaa cha satini. Nilianza na diploma yangu (kwa kifupi), nikapitia safari yangu, nikafika kwenye meza ya kukatia nguo, watu wakafuta macho, ndipo nikavuta kitambaa.

"Ndugu wageni, huu si mkongojo wa dukani," nikasema. "Huu ni mtutu wa bunduki ya vita. Umevuka bahari, umepigana vita vya watu, na leo umekuja kupumzika mkononi mwa baba yetu."

Neema akatafsiri neno kwa neno. Wanawake wakapiga vigelegele. Mzee akaupokea kwa mikono miwili, akausimamisha, akauegemea, akapiga hatua mbele ya watu kama mkuu wa mkoa, na mimi nikageuka kumtazama Mama Dineo nione anavyofurahi.

Mama Dineo alikuwa ameweka uma chini. Sajenti naye alikuwa na paja la kuku njiani kuelekea mdomoni, na paja likasimama hapohapo.

Sajenti akafuta mikono, akaja taratibu, kwa heshima kabisa, akaongea na Neema kwa sauti ya chini. Neema akasahau kuondoa kipaza sauti mdomoni.

"Anauliza, ni mtutu kweli au ni maneno ya hotuba tu?"

Jamani, yule mtu alikuwa amenifungulia mlango. Ningecheka tu, nikasema ni maneno ya hotuba, afande, tungekwenda pembeni mambo yakaisha polepole. Lakini mimi nikaona ninadharauliwa. Mtu anauliza kama kazi yangu ni ya kweli?

"Mwambie ni mtutu halisi," nikasema, "na namba yake hii hapa, asome."

Neema akaniangalia. "Kaka, una uhakika unataka niitafsiri hiyo?"

"Yote."

Akaitafsiri yote. Sajenti akainama, akaisoma namba, akajinyoosha, akasema "eish" ya chinichini, mguno wao wa mshangao, halafu akauliza leseni ya mtutu ule iko kwa jina la nani. Nikaanza kumfundisha sheria. Nilimweleza, mbele ya ukumbi mzima, kama msomi kwa mtu mwenye sare, kwamba bunduki ni kitu chenye kifyatulio, huu hauna kifyatulio, hauna risasi, una mpira chini, na kwamba mimi nafanya kazi kwa fundi aliyesajiliwa na nazijua taratibu. Kila nilichosema Neema alikipeleka, na kila kilichopelekwa kilizidi kumweka Mzee Byamungu pabaya, kwa sababu ilikuwa inaeleweka sasa kwamba hapa ukumbini kuna silaha isiyo na leseni na aliyeishika ni mzee, siku ileile anayosherehekea kupewa nchi, na karatasi ya miaka mingi imo mfukoni mwake, na kosa la silaha lingeweza kuichomoa.

Mimi sikuliona hilo mpaka nilipomwona Mama Dineo anasimama.

Hakupiga kelele. Angeweza kusema hamjui mtu huyu, au kwamba nimemwibia, na lingekuwa kweli. Alikwenda akasimama kati ya sajenti na mzee, gauni lake la bluu, miwani kifuani, akasema mtutu umetoka kwenye karakana yake, uko chini ya usajili wake, umetoka bila ruhusa na yeye hakuhakiki kabla ya kufunga sefu, kwa hiyo jina la kwanza kuandikwa liwe lake, na mzee huyu hana habari ya lolote. Neema alitafsiri hayo kwa Kiswahili. Mwanamke yule alikuwa anaweka riziki yake mezani kwa ajili ya mtu aliyekutana naye saa hiyohiyo.

Kisha akamgeukia mzee akakinga mikono miwili chini ya mtutu bila kuugusa, akaomba apewe. Mzee akaurudisha kifuani.

"Hapana," akasema. "Hii kitu nilipewa mbele ya batu. Sasa nairudisha namna gani mbele ya batu bale bale? Kwetu zawadi hairudie nyuma."

Wazee wa Kikongomani wakaitikia, ni kweli, hairudi. Mama Dineo akaeleza, sajenti akaeleza, Neema akambembeleza kwa kumwita babu, mzee akazidi kuushika, na kadiri alivyozidi kuushika ndivyo alivyozidi kuwa na kosa. Mwishowe akasema mwenye kuweza kuiomba ni yule aliyeitoa. Ukumbi wote ukanigeukia.

Mimi niliyesema Afrika haijawahi kuona, nikapiga magoti kwenye sakafu ya ukumbi wa kanisa, suruali nyeupe.

"Baba, naomba unirudishie."

"Unaomba kitu uliyotoa?"

"Naomba, baba. Ukiendelea kuushika watakunyang'anya karatasi yako. Nilikosea mimi."

Mzee akapapasa mfuko wa koti. Halafu akautoa, lakini hakunipa mimi, akampa Mama Dineo, na Mama Dineo akamkabidhi sajenti palepale, mkono kwa mkono, umeviringishwa kwenye kitambaa cha meza.

Ilibidi twende kituoni kutoa maelezo, na kilikuwa hatua chache tu mbele ya Jules Street, basi tukaenda kwa miguu, sajenti mbele na furushi lake, Mama Dineo nyuma yake, kisha mzee, ambaye sasa hakuwa na cha kuegemea isipokuwa bega langu, nami nikawa mkongojo. Akina mama waliokuwa jikoni hawakujua lililotokea, walipoona watu wanatoka wamevaa vizuri wakadhani ndiyo sehemu ya sherehe, wakatufuata na vifuniko vya sufuria wakiimba. Kwenye robot (ndivyo wanavyoziita taa za barabarani kule) tukasimamishwa na taa nyekundu, teksi zikatupigia honi, dereva mmoja akatoa kichwa dirishani akauliza bwana harusi ni yupi, na mama mmoja akaninyooshea kidole mimi.

Kituoni sajenti aliomba kitambulisho cha mzee. Mzee akafungua koti, akaitoa ile karatasi.

"Muda wote nimeingojea," akasema, "na mutu wa kwanza kuisoma ni polisi."

Neema hakuitafsiri hiyo, na nadhani ndiyo pekee aliyoiacha siku ile. Sajenti akaisoma taratibu mpaka chini, akaigeuza nyuma, sisi tukisikiliza vifuniko vya sufuria huko nje. Akaandika. Akauliza mzee aliushika mtutu kwa muda gani, tukasema muda wa hotuba, akauliza nani alijua, tukasema ukumbi mzima. Akaweka kalamu chini, akasema amefanya kazi ya upolisi muda mrefu na hajaona mtu anayeficha silaha akitafuta mkalimani. Mzee akaandikwa shahidi. Karatasi akarudishiwa kwa mikono miwili, na pongezi.

Mimi niliandikwa kama nilivyostahili. Jalada langu lilikwenda kwa mwendesha mashtaka, nikasubiri wiki kadhaa, likarudi na onyo kali, kwa sababu mtutu ulikuwa umekwisha, namba haikuguswa, na kila mtu alikiri alipoulizwa. Mtutu wenyewe ulibaki polisi ukateketezwa kama ulivyokuwa uteketezwe. Wakaguzi walikwenda kwa Mama Dineo wakahakiki sefu yake yote, skrubu kwa skrubu, hawakukuta kinachopungua zaidi ya kile nilichokibeba mimi, wakamwachia karakana yake na onyo la maandishi, yeye ambaye hakuwahi kupewa onyo maishani. Nilikwenda kwake Jumatatu nimeshafunga vifaa vyangu, najua sina kazi. Alikuwa anasikiliza bunduki ya mtu, macho dirishani.

"Mikono yako naihitaji," akasema. "Mdomo wako sina kazi nao."

Nilikaa naye mpaka siku niliyorudi nyumbani, na sikushika tena kitambaa cha mafuta bila kuambiwa mara mbili. Leo hii kwenye karakana yangu chuma kikiingia mlangoni nauliza kwanza mwenyewe nani, karatasi yake iko wapi, hata kama ni bawaba, na wateja wananiona nina maringo, sawa, ninayo. Na nikialikwa sherehe nabeba blanketi, naliweka mezani pamoja na zawadi nyingine, sishiki kipaza sauti, hata wakiniita kwa diploma yangu.

Mkongojo nilimtengenezea mzee mwingine, wa mti mtupu, nikaupeleka Joubert Park siku ya kawaida, akiwa na wateja wanapimwa suti. Akaupokea, akaupindua, akauchungulia chini kwenye mpira, akanitazama juu ya miwani.

"Na hii, ilipigana vita gani?"

"Ni mti tu, baba."

Akaugonga sakafuni mara mbili. Akasimama nao, mguu ukatii, akapita katikati ya wateja wake mpaka dirishani na kurudi.

"Basi umesema yote," akaniambia. "Kaa."

Nikakaa.